Ada ni Chochote Chenye Plagi

Saa tatu na robo asubuhi mlango wa ofisi ya ghorofa ya pili ulifunguliwa, na mwanamke aliyevaa suti ya kuazima akatoka akiwa ameinua mikono yote miwili juu. Alishuka ngazi kadhaa hivyo hivyo kabla ya kukumbuka kuishusha.

Wa kwanza kumwona alikuwa Tai. Aliitwa hivyo kwa sababu ya tai aliyoivaa kila siku, hata siku ambazo hakuwa na soksi. Kazi yake haikujulikana vizuri. Majirani walipoulizwa walijibu kwamba "yuko kwenye mambo." Asubuhi hiyo alikuwa ameketi ngazini kwa sababu palikuwa na kivuli, na mlinzi wa chini alikuwa amemruhusu kupita kwa sababu ya ile tai.

"Dada, pole sana. Umeporwa?"

"Nimehojiwa."

"Sasa mikono juu ya nini?"

"Yule mhojaji wa kwenye skrini ananiambia 'shoot'. Wewe ungefanyaje?"

Hakuna aliyetaka kupiga risasi; mhojaji alikuwa na maana ya "haya, sema". Hilo lilijulikana baadaye. Ofisi ile ilikuwa ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo ambao mashine zao za kufulia zimegoma, na ilitaka watu wanaokielewa Kiingereza kikiwa kimevua viatu. Mwanamke huyu alikuwa msusi mwenye saluni yake mtaa wa pili. Shuleni alipata alama nzuri za sarufi, na hakuna aliyemwambia kwamba sarufi ina siku zake za mapumziko.

Nyuma yake akatoka mzee mmoja aliyevaa suti yake mwenyewe, karani mstaafu wa mahakama, mwenye Kiingereza kilichonyooka kama rula. Alikuwa amekasirika kwa utaratibu.

"Nimemuuliza nianze na elimu au nianze na uzoefu," alisema. "Ananijibu, 'I'm easy.' Mtu mzima anajisema hivyo mbele ya mzee asiyemjua! Nikamwambia si kazi yangu kumhukumu." Mhojaji alimaanisha tu kwamba kwake yote sawa.

"Akasemaje?"

"Akasema turudi mwisho wa mwezi, wote tulioanguka."

Tai alisimama, akajifuta vumbi, akainyoosha tai. Kiingereza chake mwenyewe alikiokota kwenye geti la hoteli alipokuwa akifungua milango ya magari. Kilikuwa na majina ya vyombo, vijisentensi vya kuwajibu wageni, na maneno manne aliyoyategemea: "sir", "madam", "taxi" na "no problem". La mwisho alilitumia hata kulipokuwa na tatizo, na ndiyo sababu hakuwa tena kwenye lile geti.

"Wazee wangu," alisema, "ninyi hamkuulizwa Kiingereza. Mmeulizwa Kiingereza cha jikoni kwao. Hicho shuleni hakipo."

"Wewe unakijua?" aliuliza Msusi.

"Dada, mimi nimekula nacho."

"Umekula nacho wapi?" Karani alitaka kujua.

"Sehemu mbalimbali." Akashusha sauti. "Na maneno yatakayoulizwa mwisho wa mwezi ninayafahamu. Lakini hilo sikulisema."

Hapa ni lazima iandikwe kwamba watu wazima wawili, wenye akili timamu, mmoja wao akiwa ametumikia haki maisha yake yote, walisogea karibu ili wasikie vizuri jambo ambalo halikusemwa.

"Ada kiasi gani?"

"Pesa sitaki. Pesa inaleta maneno. Leta kitu chochote chenye plagi, nikiweke kama amana. Ukipata kazi, unachukua chako, unaniachia shukrani. Mimi nafundisha watu, sifanyi biashara."

Maelezo hayo yalimfanya aonekane karibu mtakatifu. Tai alijua kwamba mtu akitoa pesa huuliza maswali kila siku, lakini akiacha pasi huona haya kuiulizia.

Darasa lilifunguliwa kwenye stoo ya shemeji yake, mume wa dada yake, mwenye duka la rangi. Shemeji alikuwa mtu mpole aliyeamini kwamba ndugu wa mke akipata cha kufanya ni afadhali kuliko akikosa. Wanafunzi, wengi wao wakiwa wale walioanguka usaili, walikaa juu ya makopo ya rangi ya ukuta. Nyuma ya Tai, ukutani, amana zilipangwa kwa kimo kadiri zilivyoletwa: birika la umeme, pasi, feni, blenda, redio, friji ndogo ya Karani, na mwishoni, likiwa limesimama kama askari mwenye kofia kubwa, drayer la Msusi.

Drayer hilo lilikuwa kazi yenyewe. Mteja aliketi chini ya kofia, akafunua gazeti, nywele zikakauka. Msusi aliuza kitanda akalinunua, na alilitoa amana kwa sababu vitu vingine vyenye plagi saluni vilikuwa mashine mbili za kunyolea, ambazo Tai alizitazama kwa huruma na kuzikataa. Tangu siku hiyo wateja walikaushwa nywele kwa jua, wakiwa wamepangwa kwenye viti kando ya barabara. Siku za mawingu walikwenda kwa mpinzani wake aliyekuwa mkabala, na mpinzani huyo aliwapungia mkono.

"Leo," Tai alianza somo la kwanza, "mtu wa kule akikuuliza hali, usimwambie 'I am fine'. 'Fine' ni ya vitabuni. Mwambie 'blue kettle'."

"Blue kettle?" Karani aliandika, akatazama alichokiandika.

"Maana yake mambo safi kabisa. Birika likiwa la bluu, nyumba ina amani. Usiulize kwa nini, Mzee. Misimu haina kwa nini."

Darasa likaitikia kwa sauti moja: "Blue kettle!" Shemeji, aliyekuwa dukani akichanganya rangi ya krimu, alifurahi kusikia elimu ikipita ukutani.

Yakafuata mengine. "To iron somebody" ilikuwa kumsifu mtu mpaka alainike. "Don't fan me" ilikuwa usiniharakishe. Tai alifundisha vizuri, hilo hata walioumia hawalikatai. Alikuwa na mifano, alikuwa na miguno, alikuwa na namna ya kufumba macho kabla ya neno zito kana kwamba linatoka mbali. Wanafunzi walianza kusalimiana hivyo barabarani. Mmoja wao, dereva wa teksi, alimwambia abiria wake asimfeni, abiria akafungua dirisha.

Aliyegundua alikuwa Karani, na aligundua kwa njia ya kikarani. Alikwenda saluni siku ya mawingu, akamkuta Msusi peke yake, anafagia nywele za juzi.

"Mwanangu, nina jambo. Jumatatu yule dada wa duka la dawa alileta blenda. Jumanne tukafundishwa nini?"

"'To blend an uncle'. Kumdanganya mjomba akupe nauli."

"Na mimi nilipoleta friji?"

Msusi aliacha kufagia. "'Fridge it'. Weka siri."

"Pasi ilikuja, tukapiga pasi. Feni ikaja, tukapepea. Huyu bwana hajui neno hata moja. Anageuka, anatazama nyuma yake, anafundisha anachokiona."

Msusi aliketi kwenye kiti cha wateja. Inasemekana alitukana, lakini mashuhuda hawaafikiani juu ya neno alilotumia.

"Nikachukue drayer langu sasa hivi."

"Kufuli ni la kwake. Na ulimpa mwenyewe, kwa hiari, mbele ya watu. Mimi nimekaa mahakamani, nakwambia: ukishtaki, utashinda, na siku utakayoshinda hilo drayer litakuwa na kutu."

"Basi tumuache?"

"Kuna baya zaidi. Nimepita kwa yule mwenye duka. Amefurahi kweli. Ananiambia shemeji yake amemwahidi stoo itakuwa tupu kufikia Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Msusi alitazama mahali lilipokuwa drayer. Sakafuni palibaki alama ya miguu yake mitatu, vumbi likiwa limeizunguka. Halafu akauliza swali ambalo Karani baadaye alikiri kwamba mahakamani hakuwahi kusikia swali bora zaidi:

"Mzee, kama hajui neno hata moja, atajuaje lipi ni la uongo?"

Jioni hiyo walifanya jaribio. Darasa zima lilikuwa limeshaambiwa, na kazi kubwa ilikuwa kuzuia nyuso. Msusi alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mteja wangu mmoja kutoka ng'ambo kasema 'wet ladder'. Nimeshindwa."

Tai alifumba macho. "Wet ladder. Ngumu hiyo, umeitoa wapi? Wet ladder, ngazi iliyolowa, ni mtu asiyeaminika. Unamkanyaga, unateleza."

"Ajabu," alisema Karani. "Mimi nilidhani ni kifungua kinywa."

"Hilo ni kwa watu wa kaskazini kwao, Mzee. Kaskazini ni kifungua kinywa."

"Na mume wangu," alidakia yule dada wa duka la dawa, "anasema wanaitumia kumwambia mtu pole kwa msiba."

"Inategemea unavyoinua sauti," alisema Tai bila kutikisika.

Dereva wa teksi alitoka nje ghafla akidai ana simu. Alisikika akipigapiga ukuta kwa kiganja.

Jaribio likathibitisha mambo mawili. Kwanza, Tai hajui. Pili, na hili ndilo lililokuwa la maana, hawezi kabisa kusema hajui. Mwalimu wa hesabu anaweza kuomba muda akapige hesabu. Mwalimu wa misimu akiuliza maana, darasa limekwisha.

Msusi alikuwa na mama mdogo. Mama huyu alikuwa fundi wa kuchomea mageti, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu wakiwa upande wa pili wa mashine. Alikuwa na pikapu na jenereta kubwa la kazi. Nje ya mji hakuwahi kufika ila kwenye misiba. Alisimuliwa habari yote akiwa amevaa miwani yake myeusi ya kazi, na hakuivua alipojibu.

"Drayer lile ulilouzia kitanda?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Nitafutie gauni, na huyo Mzee aniandikie Kiingereza kidogo."

Siku iliyofuata, mchana, pikapu ilisimama mbele ya duka la rangi. Nyuma yake lilikuwa jenereta, limepanguswa mafuta hadi linang'aa. Mama Mdogo alishuka na gauni, mkoba na ile miwani myeusi, akamwambia Shemeji kwa sauti iliyofika stoo bila msaada:

"Nasikia hapa kuna mwalimu. Nina walinzi thelathini, wageni wanawasemesha hawaelewi. Nataka wasome. Lakini mimi nimekaa na watu wa kule. Sidanganywi. Nitamsikiliza kwanza kwa masikio yangu."

Tai alitoka kabla hajaitwa. Aliyekuwa karibu anasema macho yake yalimpita mwanamke, yakampita Shemeji, yakatua nyuma ya pikapu na kutulia hapo. Jenereta, kwa kusema kweli, halina plagi. Lina soketi. Tai alikuwa tayari kulegeza kanuni.

"Karibu, Mama. Karibu sana. Hilo nalo ni..."

"Ni langu. Tukielewana tutazungumza habari za ada." Akamgeukia, akaweka mkono kiunoni. Wanafunzi walikuwa wamejaa mlangoni, Shemeji ameshika mti wa kukorogea rangi. "So, Teacher. How are your hinges?" Hinges ni bawaba za mageti, kazi yake ya kila siku.

Tai alifumba macho kidogo tu. "Hinges blue kettle, madam."

"Good. Will you hinge the neighbours?"

"Me? I hinge them every day."

"Before the soup?"

"Always before the soup!"

"With both shoulders?"

Hapa alichelewa kidogo. Alimtazama Karani, Karani akainamisha kichwa kwa heshima kama mtu anayefuata mjadala wa juu.

"Both shoulders," alisema Tai. "No problem."

Mama Mdogo alipiga makofi mara moja. Njiwa waliokuwa juu ya bati waliruka.

"Huyu ndiye! Jamani, huyu anakijua! Mzee, wewe uliyesoma, umesikia alivyojibu?"

"Nimesikia," alisema Karani, akikohoa kidogo kusafisha koo, kama zamani kabla ya kusoma hukumu. "Kwa faida ya waliokuwa nyuma: Mama amemuuliza Mwalimu kama atawarudishia wanafunzi amana zao. Mwalimu akajibu atawarudishia. Akaulizwa kama ni kabla ya jua kuzama leo. Akasema ni kabla. Akaulizwa kama atazibeba kwa mabega yake mwenyewe, mabega yote mawili, mpaka mlangoni kwa kila mtu. Akasema hakuna tatizo."

Kopo moja la rangi lilibonyea chini ya mtu aliyekuwa amelisimamia.

Tai alifungua mdomo. Kusema kwamba maneno hayakuwa na maana hiyo kungezaa swali la maana yake halisi. Kusema kwamba hayakuwa na maana yoyote kungewafanya waulize na "blue kettle" ilikuwa na maana gani. Aliufunga mdomo.

"Ndivyo, Mwalimu?" aliuliza Shemeji, akiwa na fahari ya dhati. "Utazirudisha zote leo leo?"

"Mwalimu wa kweli haweki amana," alisema Mama Mdogo. "Walinzi wangu nitawaleta kwa mtu anayeaminiwa bila amana. Gari hili hapa. Pakia, tuzungushe, tukimaliza tuongee."

Ni haki kumtetea Tai kidogo. Hakuwa mjinga. Alipima. Upande mmoja palikuwa na birika lenye kutu, redio isiyo na mfuniko wa betri, na friji inayonguruma. Upande wa pili palikuwa na jenereta la kazi, na nyuma yake walinzi thelathini, ambao kila mmoja bila shaka nyumbani kwake ana kitu cha kuchomeka ukutani. Mtego mkubwa unataka chambo. Alitabasamu.

"Ndivyo hasa nilivyoelewa," alisema, akachomoa ufunguo wa kufuli.

Alianza na birika. Akafuata na pasi na feni, kisha blenda. Wanafunzi walitaka kumsaidia lakini Karani aliwazuia kwa upole: Mwalimu alisema mabega yake. Pikapu ilijaa, jenereta katikati, vyombo vimelizunguka kama wajukuu. Tai alikaa nyuma, amelikumbatia kwa mkono mmoja.

Duka la dawa: blenda. Kituo cha teksi: redio, na dereva aliyepokea kwa mikono miwili na kusema ahsante kwa sauti iliyopasuka katikati. Friji ya Karani ilikuwa ya ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Tai aliipandisha mgongoni, tai yake imetupwa nyuma ya bega, Karani akitangulia na kumwonyesha kila kona.

"Pole pole, Mwalimu. Hapo pana msumari. Wakifika hapa kule wanasemaje?"

"Wanasema..." Tai alivuta pumzi. "Wanasema shikilia mlango, Mzee."

Saluni ilikuwa ya mwisho. Msusi alikuwa ametangulia, na alama ya miguu mitatu sakafuni ilikuwa imefagiwa. Mteja mmoja alikuwa ameketi, nywele zinachuruzika begani, taulo shingoni. Alikuwa amevuka barabara kutoka kwa mpinzani baada ya kusikia kwamba drayer linarudi.

"Liweke hapo, Mwalimu. Sogeza kidogo. Kushoto kwangu."

Tai alilisogeza. Shati lake lilikuwa limebadilika rangi.

"Sasa nishikie waya nichomeke. Usifanye haraka."

Msusi alichomeka, akabonyeza. Drayer lilitetemeka, likakohoa vumbi la stoo, kisha likavuma. Alilisikiliza kwa muda, mkono juu ya kofia, kama mtu anayempima mtoto homa. Mteja akasogea, akainamisha kichwa, akaingia chini yake.

"Basi dada," alisema Tai juu ya ule mvumo, akiikaza tai yake, "mimi nikaonane na Mama Mdogo tumalizie la ada."

"Haya, Mwalimu. Uende salama."

Alitoka nje. Jua lilikuwa bado halijazama. Kando ya barabara, mahali pikapu ilipokuwa imesimama, palibaki tone moja la mafuta tu. Mpinzani wa mkabala, ambaye hakuwa na mteja, alimpungia mkono.